Jibu la Ngoma Ndogo

Jengo liliporomoka Ijumaa alasiri, mafundi wakiwa wameanza kuosha vifaa vyao. Kufikia Jumamosi adhuhuri Loice alikuwa amelia hadi machozi yakamkataa. Akakaa juu ya tofali, leso kaifunga kiunoni, macho kwenye lile rundo la zege na vyuma ambalo jana yake lilikuwa ghorofa nne, hapo chini ya kilima cha Lubaga, Kampala. Mumewe alikuwa humo ndani. Khisa alikuwa fundi wa plasta, na siku ile alipangiwa ghorofa ya chini kabisa. Waliokuwa juu walishatolewa, wengine wazima, wengine wamefunikwa mablanketi. Wa chini hajatolewa hata mmoja.

Kando yake, lakini amempa mgongo, alikaa Kaltumi. Hawa wawili walipanga vyumba vya kushikana kule Namuwongo, ukuta mmoja, bomba moja, na siku za kawaida hata chumvi ilikuwa moja. Kaltumi alikuwa Mnubi, mjane, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na sambusa zake ziliwafanya watu wavuke reli kuzifuata. Mwanawe wa pekee, Tamim, alikuwa chini ya kifusi kilekile. Kazi hiyo alitafutiwa na Khisa. Kaltumi mwenyewe ndiye aliyembembeleza: kijana amekaa nyumbani mno, mchukue hata akuchanganyie simenti. Khisa akamchukua. Sasa tangu jana jioni Kaltumi alikuwa amemwambia jirani yake neno moja tu.

"Bwana yako ndiye alileta mtoto yangu hapa."

Baada ya hapo akageuza mgongo. Neno lenyewe halikuwa uongo. Lilimkaa Loice moyoni usiku kucha na asubuhi nzima, na kila alipomtazama yule mama akizungusha tasbihi alitamani kumshika mkono, kisha akaogopa.

Mkubwa wa uokoaji aliitwa Afande Ojok, polisi mrefu, mwembamba, ambaye sauti ilikuwa imemkauka kwa kuita. Alikuwa mtu mwema, na hilo lisemwe mapema, kwa sababu habari aliyokuja nayo adhuhuri ile haikuwa njema. Alichuchumaa mbele ya wale wanawake wawili, akavua kofia.

"Wamama, sikiliza mimi. Mvua iko nakuja. Angalia kule." Akaonyesha upande wa ziwa, ambako mbingu ilikuwa imevimba na kuwa nyeusi. "Ikinyesha, hii shimo yote itajaa maji. Wakubwa wamesema tingatinga iingie sasa, itoe hii mawe mbio mbio."

"Na watu walio chini?" Loice akauliza.

Ojok akatazama buti zake. "Toka asubuhi sisi naita. Tunaita, tunanyamaza, tunasikiliza. Hakuna mutu najibu, mama."

Hapo hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Tingatinga halina macho. Likinyanyua zege upande huu, upande wa pili zege linashuka, na kama kuna aliye hai pale, halitajua kwamba lilimkuta hai. Ojok alijua, Loice alijua, na yule Kaltumi aliyejifanya hasikii alijua pia, maana tasbihi ilisimama mkononi mwake. Afande akavaa kofia yake, akaenda zake.

Loice akataka kuomba. Alifungua mdomo, akakuta hana la kusema, kama mtu aliyefika mlangoni kwa jamaa waliyekosana naye, kisha akashindwa hata kubisha hodi.

Na kweli walikuwa wamekosana, yeye na Mungu. Mwaka uliopita, karibu na Pasaka, binti yao Nelima alishikwa na homa. Alikuwa na miaka miwili, ndio kwanza anajifunza kuwatukana kuku. Kanisa zima lilihamia chumbani kwao. Wakaomba kwa sauti hadi mabati yakatetemeka, wakamwambia Loice aamini, naye akaamini kwa moyo wote, bila kubakiza. Mtoto akafa mikononi mwake. Tangu siku ya mazishi hakukanyaga kanisani tena. Wamama wa kanisa wakija kumshawishi, huwapa chai na kuwaambia, "Mimi na Mungu hatusalimiani siku hizi," na wao hunywa chai upesi upesi na kuondoka.

Khisa hakubishana naye. Jumapili huvaa joho lake jeupe, akaenda peke yake. Jambo moja tu alikataa kuliacha: aliendelea kumwita mkewe Mama Nelima. Watu wengine wote waliliacha jina hilo kwa huruma, wakarudi kumwita Loice. Yeye akamwambia mumewe waziwazi kwamba linamuumiza.

"Sasa nikuite nani?" Khisa akamjibu. "Si wewe ni mama yake?"

Loice siku hiyo alitoka nje, akaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Kanisa lenyewe lilikuwa la watu wa magharibi ya Kenya, banda la mabati kando ya reli. Kila Jumapili kabla ya ibada wao huandamana kufuata reli, majoho meupe, bendera mbele, na ngoma mbili. Kubwa inaitwa mama, ndogo inaitwa mtoto. Mama huita: mbili nzito, tatu nyepesi. Kisha mama hunyamaza, na katika kimya kile mtoto hujibu: tatu za haraka, na moja ya mwisho. Hatua za waandamanaji hutembea juu ya wito na jibu, na mtoto akikosa, mama haachi wala hakasiriki. Anaita tena kutoka mwanzo, na tena, mpaka mtoto apate. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza anayofundishwa kila anayegusa ngoma pale.

Khisa alikuwa mkono wa ngoma ndogo. Si Jumapili tu. Aliipiga kwenye sahani akingoja ugali, kwenye karai akiwa kazini, kwenye mgongo wa mkewe usingizi ukimpaa. Akirudi jioni hubisha mlango kwa jibu la mtoto, na Loice hufungua bila kuuliza nani, kwa sababu Khisa alikuwa na mtindo wake: lile pigo la mwisho hulichelewesha. Hulishikilia hadi ufikiri amesahau, ndipo anagonga. Katika Namuwongo yote hapakuwa na mwingine wa kugonga vile.

Basi, tingatinga likiwa linashushwa kutoka kwenye lori, kanisa likafika.

Walikuja kwa miguu kutoka barabara kubwa, majoho, bendera na yote. Mbele alikuwa Mzee Ondiek, kiongozi wao, mzee mfupi mwenye miguu ya matege, ngoma kubwa imemning'inia shingoni. Umati uliokuwa ukitazama ukawapisha, simu zikainuliwa juu. Mzee akamwendea Loice moja kwa moja.

"Binti yangu, tumekuja kusimama na wewe."

"Simameni," Loice akasema. Hakuongeza neno. Moyoni alikuwa anawaka. Kelele hizi alishazisikia, na alikuwa anajua zilimfikisha wapi.

Wakaanza. Mama akaita, na waumini wote wakajibu kwa makofi, vigelegele, na vishindo vya miguu. Umati ukaingia, maana Kampala mtu hasikii ngoma akabaki amekunja mikono. Baadhi waliomba kwa sauti juu ya wimbo, kila mmoja na ombi lake. Jenereta linanguruma, tingatinga linakohoa moshi, ngoma inaita, makofi yanajibu. Loice akaziba masikio.

Lakini sikio lina ukaidi wake. Kila mama aliponyamaza, sikio la Loice likaenda lenyewe kwenye ile nafasi kumtafuta mtoto, na kila mara likakuta makofi. Alifanya hivyo mara kadhaa bila kujua. Kisha akajua. Akasimama ghafla hata tofali likapinduka.

Khisa hajawahi kuisikia ngoma ile akanyamaza. Hata na malaria, hawezi kuinua kichwa, maandamano yakipita relini vidole vyake hugonga ubao wa kitanda. Kama anapumua humo chini, basi amekwisha kuisikia. Na kama ameisikia, anajibu. Anajibu sasa hivi, na hawa watu wake wanaompenda wanamfunika kwa makofi.

Alikata katikati yao akisukuma mabega. Mzee Ondiek alikuwa amefumba macho, jasho linamtiririka, mkono juu. Loice akaweka kiganja chake katikati ya ngozi ya ngoma, na pigo likafa chini yake.

"Nyamazeni!"

Wimbo ukaanguka vipande vipande. Mama mmoja akamshika kiuno. "Mwacheni, ni uchungu umempanda." Mwanamume mwenye bendera akasogea, uso umekunjamana. "Dada, wewe hujaingia kanisa mwaka mzima. Leo unakuja kukataza watu kumwomba Mungu?"

"Mungu atawasikia hata mkinong'ona," Loice akasema. "Mimi ndiye siwezi kumsikia Khisa. Mzee, nafasi ya mtoto mmeijaza makofi. Akijibu, tutamsikia vipi?"

Mzee Ondiek akamtazama. Halafu akatazama kifusi, na Loice akaona taya lake likilegea. Mzee wa watu alikuwa amepiga ngoma ile na Khisa kwa miaka, na sasa alikuwa amesimama juu ya kichwa chake akimpigia kelele.

"Pigeni magoti," akawaambia watu wake. "Na midomo fungeni. Atakayeomba, aombe ndani ya kifua."

Kanisa lile halikuzoea kuomba kimya. Lakini wakapiga magoti kwenye tope, joho na yote, na wengine wakajiziba mdomo kwa kiganja ili wasisahau.

Ikabaki tingatinga. Loice alimkimbilia Afande Ojok, akamweleza ngoma, akamweleza mtoto na mama, maneno yakigongana. Ojok akasikiliza nusu, akatazama mbingu. Tone la kwanza lilikuwa limemdondokea begani.

"Mama, mimi naelewa wewe. Lakini hii si kazi ya ngoma. Nimepewa amri."

"Dakika kumi tu, afande."

"Hakuna dakika. Toka njia."

Akampungia dereva mkono. Mnyororo wa tingatinga ukaanza kusaga changarawe. Ndipo Kaltumi, ambaye hakuna aliyekuwa anamtazama, aliinuka taratibu, akaukung'uta mkeka aliokuwa ameukalia, akautandika mbele ya lile dude, akaketi, akanyoosha miguu kana kwamba yuko barazani kwake.

"Sasa pita," akasema.

Dereva akazima injini kabla hajaambiwa.

Ojok akasimama akimtazama yule mama mkekani, kisha akamtazama Loice, kisha akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyeshindwa. "Haya. Dakika kumi. Zima jenereta! Nyinyi watu wa boda, zima pikipiki! Mutu akikohoa mimi namufunga!"

Ikawa kimya. Hata wauza maji wakatua ndoo zao. Katikati ya kifusi kulikuwa na bomba la chuma limechomoza, limepinda, likishuka hadi huko chini ambako hakuna aliyejua kukoje. Loice akalala kifudifudi, akaliweka sikio. Chuma kilikuwa cha baridi. Mzee Ondiek akaitua ngoma juu ya bamba la zege kando yake, akapiga.

Mbili nzito. Tatu nyepesi. Kimya.

Hakuna.

Mzee akangoja, akapiga tena. Mbili, tatu, kimya. Loice alisikia damu yake mwenyewe ikigonga sikioni, na mara mbili ikamdanganya. Hakuna. Alihisi Ojok akihamisha mguu nyuma yake. Kama sasa nimewadanganya wote hawa, aliwaza, kama ni wazimu wa mwanamke asiyetaka kuzika tena. Aliinua macho kumtazama mzee, na mzee hakuwa ameacha wala kukunja uso. Alikuwa anaanza upya, mbili nzito, kama anavyomngoja mwanafunzi wa Jumapili.

Mbili. Tatu. Kimya.

*Ng'e, ng'e, ng'e. Ng'e.*

Loice hakupiga kelele. Alimshika Ojok suruali, akamvuta chini, akamkandamiza kichwa kwenye bomba kama mtoto anayeoshwa masikio. Mzee akaita. Jibu likaja. Afande Ojok akainuka na tope shavuni, na sauti yake iliyokauka ikampasuka: "Iko mutu! Iko mutu hapa chini! Leta jeki! Leta watu, tingatinga rudisha nyuma!"

Umati ulilipuka, kisha ukajinyamazisha wenyewe, watu wakikanyagana miguu na kuambiana shii. Waumini walilia kwenye viganja vyao. Kaltumi alikuwa amefika akikokota mkeka. Uso wake ulikuwa mgumu, lakini alijilazimisha, na kwa hilo apewe haki yake. Akamwekea Loice mkono begani.

"Shukuru Mungu wako," akasema. "Khisa yako iko hai."

Loice akatingisha kichwa.

"Si yeye."

"Unasema nini?"

"Huo mkono si wa Khisa. Ya mwisho imekuja upesi. Khisa haipigi hivyo, Kaltumi, hata siku moja. Kuna mtu hapo, lakini si yeye."

Aliposema hivyo kwa mdomo wake, akaelewa maana yake. Ngoma ile humo ndani waliijua wangapi? Waliokuwa wakifanya kazi na Khisa, wakimsikia akigonga karai kutwa nzima. Na kama Khisa angekuwa na mkono wa kugonga, asingemwachia mwingine amjibie mama. Hilo alilijua kuliko alivyolijua jina lake.

"Pengine ni Tamim," akasema.

Machozi yalimtoka Kaltumi bila sauti. Hakujua afurahi mbele ya huyu mwanamke au asifurahi, na mkono wake ukabaki pale begani, umesahauliwa.

Mafundi na polisi wakaanza kuchimba kwa mikono, wakipitishiana mawe. Kila walipopoteza mwelekeo, Ojok aliinua ngumi, watu wakanyamaza, mzee akaita, jibu likaja, nao wakajua wachimbe wapi. Mvua ikaanza, kwanza kidogo, kisha kweli. Maji yakatafuta njia kwenye nyufa. Mzee Ondiek alikuwa mtu wa miaka sabini. Mikono yake ilianza kuchoka, na mara moja akakosa hesabu. Akamtazama Loice, akamsogezea fimbo za ngoma.

"Mzee, mimi?" Loice akasema. "Nipige kwa imani gani? Mimi sina."

"Sikuulizi kama unayo. Kanuni unaijua?"

"Naijua."

"Basi ipige hiyo kanuni. Imani ikichelewa njiani itakukuta umekaa hapa."

Akazichukua. Mtu mmoja akamkinga kwa karatasi ya nailoni. Kaltumi akaketi kando yake juu ya mkeka uliolowa, karai tupu la simenti mapajani kwa kukosa pa kuliweka, akamwuliza kwa sauti ya chini, ya mtu anayeuliza kweli, "Kama si bwana yako, kwa nini unapiga?"

"Kwa sababu kuna mtu anajibu," Loice akasema.

Akapiga. Na katika nafasi ile ya kimya, akingoja jibu la mkono usio wa mumewe, akajikuta anaongea na Yule waliyekosana naye. Hakumwombea Khisa, aliogopa kumwombea. Alisema tu moyoni: Mimi hapa. Bado nina hasira na wewe. Nelima nilikuomba ukaninyima, na sijaelewa, na labda sitaelewa. Lakini siondoki hapa, na wewe usiondoke. Hayo ndiyo yote. Hayakuwa maombi ya kuhubiriwa mimbarani, ila alipoyamaliza alitambua kwamba ni mara ya kwanza kwa mwaka mzima, na kwamba mgongo wake ulikuwa umenyooka.

Kisha jibu likakatika.

Aliita, hakuna. Akaita tena, hakuna. Ojok aliinua ngumi, akaishusha, akaiinua. Maji yalikuwa yanafika magotini mwa wachimbaji. Loice akapiga kwa nguvu zaidi. Hofu ikamshika mkono ikamwendesha: mbili tatu, mbili tatu, mbili tatu, wito juu ya wito, fimbo zikiteleza kwa mvua. Jibu, alikuwa anasema kwa sauti sasa, jibu, jibu, jibu bwana, wewe yeyote. Kaltumi alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Waumini kule topeni walisahau amri ya mzee na kuanza kuugulia. Hakuna jibu. Loice aliita hadi mabega yakawaka moto, na hakuacha, maana kanuni haikusema lini mama aache.

"Mukono!" mtu akapiga kelele shimoni. "Naona mukono!"

Walimtoa kichwa kwanza, mweupe kwa vumbi la simenti ambalo mvua ililigeuza uji. Kaltumi alimjua kabla hajafutwa. Alianguka juu ya machela kwa sauti ambayo hakuna atakayeweza kuiandika, akimwita mwanawe kwa majina aliyompa akinyonya. Ojok ilibidi amng'oe ili daktari apite. Tamim alikuwa anatetemeka mwili mzima, mguu umevunjika, kipande cha nondo bado kipo mkononi na vidole vinakataa kukiachia.

Loice alisimama pembeni, fimbo mikononi, mvua inamchuruzika usoni. Hakuthubutu kuuliza. Alikuwa na furaha kwa Kaltumi, furaha ya kweli, na ilimuuma vibaya mno.

"Nani alikuwa anapiga ngoma?" Tamim akauliza. Meno yalikuwa yanagongana. "Ile ya mwisho mwisho. Nani?"

"Ni mimi, Tamim."

"Anti Loice." Kijana akajaribu kuinuka, wakamlaza. "Anti, fundi iko pale. Iko kando yangu, mikono yake yote imebanwa na nguzo, hawezi kugonga, na sauti yake haifiki juu. Mimi nilikuwa nalala, yeye akasema, Tamim, mama anaita, chukua hiyo nondo. Akawa ananiambia kwa mdomo: gonga, gonga, gonga, ngoja, ngoja, haya gonga. Mimi siwezi kungoja vizuri, naogopa, ananigombeza."

Loice alisikia maneno lakini hayakuingia. "Anaongea?"

"Anaongea sana! Halafu ngoma ikaanza kukimbia, mimi nikakosa mahali pa kuingia. Hakuna nafasi, anti, ulijaza yote. Fundi akacheka. Akasema, huyo si Mzee Ondiek, huyo ni mke wangu. Ukitoka mwambie Mama Nelima apige polepole, anakimbia kama mutu anafukuzwa na mbwa."

Mama Nelima. Chini ya ghorofa nne, mikono imebanwa, na bado analitumia jina lile aliloambiwa mara mia asilitumie. Loice akainama, akashika magoti yake, na kilichomtoka kilikuwa kicheko na kilio vikisukumana mlango mmoja. Hakuna mwingine duniani aliyemwita hivyo. Yalikuwa maneno ya Khisa, kutoka kinywani mwa Khisa, na wachimbaji walikuwa wamekwisha kurudi shimoni mbio, Ojok mbele yao.

Khisa alitolewa kabla giza halijaingia, mvua ikiwa imechoka, na mkono wake wa kulia haukupona kamwe kiasi cha kushika fimbo ya ngoma. Lakini hayo ni ya baadaye. Kwa wakati ule alikuwa bado chini, amebanwa, masikio yako wazi, na mkewe alirudi kwenye ngoma, akaketi.

Akavuta pumzi. Mbili nzito. Tatu nyepesi. Akaacha nafasi yote, bila kuibana, ingawa alijua kwamba chini hapakuwa na mkono wa kuijaza. Kimya kile kilimtisha bado. Alikaa ndani yake hivyo hivyo, hakukimbia.

Mkeka ukalia kando yake. Kaltumi alikuwa amemwacha mwanawe mikononi mwa daktari, kijana hapandishwi gari hadi afungwe mguu. Akaketi, akalipakata lile karai, akavua pete.

"Ita tena," akasema.

Mama akaita. Kaltumi akagonga karai kwa pete, tatu za haraka, na moja.

"Hiyo ya mwisho umeiwahisha," Loice akamwambia. "Watu wa kwangu hawaipigi hivyo. Ngoja kidogo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ufikiri umesahau."

Akaita. Kaltumi akagonga tatu, akainua mkono ulioshika pete, akausimamisha hewani. Watu walitazama. Mvua ilipiga nailoni. Loice alikuwa amefumba macho, na midomo yake ilikuwa inasema yale ambayo mwanamume mmoja chini ya zege alikuwa anayasema wakati uleule.

"Ngoja," akasema Mama Nelima. "Ngoja. Haya, gonga."